Beki Aliyejifunga Mwenyewe

Jumanne, Berea

Bado simwamini. Huyu mzee Mwitaliano anayefundisha timu ya wasichana kule mtaa wa Sydenham anasema alikuwa beki kwao, akastaafu kwa sababu ya goti. Sasa anataka kumpeleka mdogo wangu Furaha, mchezaji wake, huko Italia, akafanye majaribio. Mtu tusiyemjua, na msichana wa miaka kumi na saba?

Leo nilifunga saluni mapema nikaenda uwanjani. Nikamwuliza mbele ya wasichana wote, "Kocha, ulichezea timu gani kubwa?"

Nilidhani atajisifu. Akacheka kidogo tu. "Dada, karibu miaka yangu yote ilikuwa daraja la tatu. Ligi kuu nilicheza mechi moja. Nikajifunga mwenyewe, sikuitwa tena."

Alisema hivyo akitazama nyasi, uso umemwiva. Mwongo angejipa makombe, si aibu ile. Nikapumua.

Lakini tulipoagana akaniambia, "Niletee pasipoti ya Furaha, nitaitunza mimi."

"Kwa nini uitunze wewe?"

"Ni kawaida tu."

Kawaida ya nani? Eish.

Furaha amelia njia nzima ya kurudi nyumbani. "Yaya, dada yangu, unaniharibia maisha." Labda ni kweli, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi...

Kwamba alikuwa beki, sasa naamini. Hayo mengine, bado. Nimemwambia Furaha kwamba akienda tunaenda wawili, na pasipoti inakaa kwangu. Kesho nitamwambia na kocha, nimtazame usoni akijibu.