Kijiko Kilichogeuka Cheusi

Kwako dada,

Pokea salamu nyingi, wewe, shemeji na watoto. Huku tunapumua, ingawa kwa shida. Bado nahangaika na vyombo vyangu vya zamani. Mdogo wako nauza hata kivuli, mradi mnunuzi aje na jua.

Taabu ni baba. Tangu akili ianze kumpotea, anadai anawekewa sumu. Mke wangu akipika, yeye anafunga mdomo kama mlango wa mdeni. Amekonda mpaka shati ndilo linamvaa yeye.

Basi nikapata kijiko cha fedha, cha kale, kizito. Sonara anayenunua vyombo kwangu aliwahi kuniambia wafalme wa zamani walikula kwa vijiko vya namna hiyo, wakiamini sumu ikigusa fedha, fedha inageuka nyeusi. Akasema ni imani tu. Hilo la imani sikumfikishia baba. Nilimwambia mzee, huyu ndiye askari wako.

Dada, alikula. Uji, viazi, wali, mpaka akaulizia ukoko. Kila tonge anakigeuza kijiko kwanza, anakikagua, ndipo anameza. Nikamsikia mke wangu anacheka jikoni, kitu nilichokuwa nimekisahau.

Juzi akampikia mayai, mzee apate nguvu. Baba kala kidogo, kutazama kijiko, cheusi. Akakitupa, akamwita mke wangu muuaji, majirani wote wanasikia. Sasa anakunywa maji tu, na bomba anafungua mwenyewe.

Nilimkimbilia sonara. Akanicheka, akasema fedha na yai haviivi chungu kimoja, yai lenyewe huitia fedha weusi. Ndiyo maana matajiri wa zamani mayai waliyala kwa vijiko vya pembe. Nikarudi mbio na habari yangu njema, nikakuta mke wangu keshaondoka, yuko kwa mama yake.

Dada, nikwambie nisilomwambia mtu. Hakukimbia matusi ya baba, hayo kayazoea. Kijiko kilipoanguka, mimi niliyetunga uongo wenyewe nilimtazama mke wangu usoni. Kufumba na kufumbua tu, lakini aliniona. Akaniuliza kama na mimi nimeacha kula kwake. Nikainama kuokota kijiko.

Wewe ni wifi yake, anakusikiliza. Nenda kwanza kwake, kisha njoo umlishe baba, anakutaja. Ila nakuomba, habari ya yai usimwambie mke wangu. Asije akadhani yai ndilo lililomsafisha machoni pangu.

Wape watoto mapenzi yangu. Shemeji mwambie redio yake bado inatafuta mjinga wa kuinunua.

Ni mimi mdogo wako,
Mdomo