Maoni Yangu Kuhusu Sura ya Pili

Kijenge, Arusha
Jumapili, 11 Mei 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kukaa wiki mbili bila kukuandikia. Simu niliyokununulia, ile uliyompa jirani yetu Godwin anirudishie, ilinifikia, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na chaja yake, bila neno. Nikaelewa. Tangu siku hiyo nimeianza barua hii mara nne, na mara nne nimeishia kwenye salamu. Kutoka hapa mpaka Akheri si mbali, ningeweza kuja nikapiga magoti mlangoni kwako. Nimeogopa, huo ndio ukweli.

Goti linaendeleaje? Ng'ombe ameshazaa? Mwanangu Diana amepona mafua? Mimi ni mzima, ila usingizi ni mdogo. Mchana ni chuo, jioni nafulia watu nguo. Baba Diana bado yuko kazini Mtwara na sijamwambia lolote.

Acha nikueleze ilivyokuwa, si kwa kujitetea.

Tuna kitabu kinene cha ukuaji wa mwanadamu, kuanzia mimba mpaka uzee, ndicho tunachosomea ushauri nasaha. Mwaka huu chuo kinataka kujua kama kiendelee kutumika, basi Mwalimu Fransiska akatugawia sura, kila mmoja aandike maoni yake na atoe mfano hai wa kwao. Wenzangu walisema walivyoona. Mzee Philemoni, aliyekuwa mwinjilisti, alisimama akasema, "Mwalimu, humu kuna baba, mama, mtoto na mbwa wa ndani. Bibi hayumo. Sasa mimi niliyelelewa na bibi, nilikua vipi?" Tulicheka mpaka Mwalimu akagonga meza. Evaresta, ninayekaa naye dawati moja, akasema sura ya vijana ni ya watoto wenye chumba na ufunguo. "Sisi tulilala wanne kitanda kimoja, hasira zako unazifungia wapi?"

Mimi nilipata sura ya pili, mtoto mchanga mpaka miaka mitatu. Imeandikwa kwamba mtoto akitenganishwa na mama yake katika umri huo anaumia ndani, hata kama anakula na kunenepa. Niliposoma hapo niliona kama mtu ananinyooshea kidole. Diana nilikuachia ana miezi kumi na moja, nikaja chuo. Ningeandika hivyo tu, ningekuwa nimesema kweli. Badala yake nilitafuta mtu wa kumtwisha lile kosa. Nikaandika kitabu kiko sahihi kabisa, tatizo ni bibi zetu wasiosoma. Nikaandika kuna bibi mmoja huko Akheri humfunga mjukuu wake kwa khanga kwenye mguu wa kitanda anapokwenda kukata majani ya ng'ombe, na kwamba mtoto huyo atakuwa mtu wa woga. Sikusema mjukuu huyo ni mwanangu. Nilipata alama za juu kuliko wote, na nilifurahi, Mama. Nilijinunulia soda.

Sikujua Mwalimu atampa Evaresta karatasi ile aende nayo kwenye mazoezi ya kazi. Sikujua mazoezi yenyewe ni kwa akina mama wa usharika wetu. Alinisimulia mwenyewe, akidhani ananipa sifa: "Nikawaambia hii imeandikwa na Anande, binti wa hapa hapa kwenu!" Nikamuuliza kama alimwona mama aliyepakata mtoto mwenye sweta ya njano. Akasema ndiyo, alikaa benchi la mbele, akatoka kabla ya sala ya kufunga.

Nisamehe. Nijibu, hata kwa kunitukana.

Mwanao,
Anande

*

Akheri
24 Mei 2025

Anande,

Marahaba. Goti ni lile lile. Ng'ombe amezaa, ndama dume. Mafua ya Diana yaliisha kabla hujayauliza.

Barua yako nimeisoma mwenyewe mara mbili, miwani nimeazima kwa mke wa Godwin. Umeandika vizuri. Na kule usharikani ilisomwa vizuri, yule msichana ana sauti. Alipofika kwenye khanga, wenzangu wote waligeuka kunitazama. Mama Lemburis akataka kunisaidia, akasema, "Bibi wa Akheri ni wengi jamani." Wanajua nani anafunga mtoto, sijawahi kuficha. Tena wanajua ni kwa nini. Wewe tu ndiye hujui, na hilo ni kosa letu sisi wazazi wako.

Kaka yako Solomoni hakufa kwa homa. Ilikuwa zamu yetu ya maji, mfereji umejaa, nami nimeinama nyuma ya nyumba nakata majani. Wewe ulikuwa mgongoni, una miezi minne. Yeye alikuwa na miaka miwili. Nilipogeuka sikumwona. Wale akina mama wa benchi la mbele ndio walioshuka na mfereji kumtafuta, Mama Lemburis ndiye aliyempata. Baba yako, Mungu amlaze pema, alikataza usiambiwe, usije ukakua unayaogopa maji na kunitazama mimi kwa jicho jingine. Basi tukakuambia homa.

Na wewe nilikufunga, mpaka ulipoweza kuvuka gogo la mfereji peke yako. Hukuwa mwoga. Uoga umeupatia hapo mjini.

Kitabu chako kinasema mtoto akae na mama yake. Sawa, sibishani na kitabu. Godwin na mkewe wanakuletea Diana pamoja na barua hii. Amekuja na nguo alizovaa tu. Nyingine nilizifua asubuhi na zimelowa, na ningesubiri zikauke ningebadili nia.

Simu sitaki. Kwenye simu mtu husema haraka.

Mama yako,
bibi mmoja wa Akheri

*

Kijenge, Arusha
Jumapili, 8 Juni 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linakusumbua na baridi hii? Ndama ananyonya? Sisi wawili ni wazima wa mwili.

Barua yako niliipokea Diana akiwa amelala begani kwa mke wa Godwin. Nilimpokea, nikamlaza, ndipo nikasoma. Habari ya Solomoni nimeirudia kusoma kila usiku. Nilimwona Mama Lemburis kila Jumapili ya utoto wangu, akinipa ndizi mbivu mlangoni pa kanisa, na sikujua mikono ile ilibeba nini. Halafu wote wakaja kusomewa karatasi yangu.

Jumatatu yake nilikwenda darasani na Diana mgongoni. Nikaomba kusema. Nikasema yule bibi ni mama yangu, mtoto ndiye huyu, na aliyeondoka ni mimi. Nikawaambia na habari ya mfereji, unisamehe kama hukutaka. Evaresta alilia kuliko mimi. Nikamwomba Mwalimu anirudishie karatasi, akasema imeshapelekwa ofisini na maoni ya wengine. Nikaomba basi alama zipunguzwe. Akasema fomu haina mahali pa kuandika jambo kama hilo. Kwa hiyo alama ni zile zile, Mama, nimebaki nazo.

Mwalimu ameniruhusu kuingia na mtoto. Mzee Philemoni humpakata nikiwa naandika. Juzi aliinuka ghafla, suruali imelowa, akasema, "Mwalimu, sura ya pili hii hapa, imenikojolea." Darasa zima likaangua kicheko, na Diana naye akacheka. Ndiyo mara ya kwanza amecheka tangu aje.

Usiku analala amegeukia ukuta. Mimi ananiita Anande, kwa sababu hivyo ndivyo alivyokusikia ukiniita. Sijamrekebisha.

Jumamosi nilimfunga. Chumba ni kimoja, jiko la mkaa liko mlangoni na maji yalikuwa yanachemka. Nikachukua kitenge nikamfunga mguu kwenye kitanda. Nikakaa namtazama huku nikisonga ugali. Dakika tatu akawa amejifungua, akaja mpaka kwenye jiko. Nilimdaka.

Ndani ya bahasha kuna barua nyingine, ni ya akina mama wa usharika. Mpe mwinjilisti wenu aisome mbele yao, na wewe ukiwepo, umekaa benchi lile lile. Nakujua, utataka kuificha ili kunisitiri. Usiifiche. Nilikuaibisha kwa sauti, siwezi kukuomba radhi kwa kunong'ona.

Mtihani ni tarehe 23. Nimekwisha kuamua, simrudishi Diana kwa sababu ya mtihani. Nikifeli nitarudia. Nimeshamtuma na kumwondoa vya kutosha kama mzigo, na wewe umefanya hivyo mara moja, na ninajua ilikugharimu nini. Ukimtaka, njoo umchukue kwa mkono wako. Siku hiyo sitabisha, na chai utakunywa kwanza.

Mpaka hapo utakapokuja, ninavyohitaji kutumiwa ni hivi. Nguo zilizokuwa zimelowa. Kadi yake ya kliniki. Kikombe chake, kwa sababu changu anakisukuma. Uniandikie anakunywa uji saa ngapi na kama unautia maziwa. Uniandikie ndizi unamponda na nini, za kwangu akiziona anafumba mdomo. Wimbo unaomlazia, maneno yote, hata yale ya Kimeru. Upande anaopenda kubebwa. Na Tutu. Kila jioni anasimama mlangoni anamwita Tutu, anangoja, anaita tena. Sijui ni paka, ni jirani, ni ndama, au ni wewe. Kama Tutu anaweza kutumwa, mpe Godwin aje naye. Kama hawezi, niandikie ni nani.

Mwanao,
Mama Diana