Uzi Mnene wa Fidla ya Baba

Baba,

Fidla yako inanitisha. Nakwambia wewe kwanza, maana wengine watasema huzuni imenipanda kichwani.

Tangu tukuzike imekaa juu ya kabati, hapa Hounslow, huku ughaibuni, na kila asubuhi naukuta uzi mnene umelegea. Naukaza. Kesho yake umeshuka tena, hadi sauti ile ile, hauzidi wala haupungui. Nyuzi nyingine hazijasogea. Jirani anasema ni hita inayokausha mbao. Haya, lakini hita gani hiyo yenye sikio la muziki?

Mzee Desmond, rafiki yako Mwayalandi, alikuja kunipa pole. Anasema pale baa yao kiti chako hakijakaliwa na mtu, na chai yako ya maziwa bado wanaiagiza, inapoa mezani. Unakumbuka ulivyoanza? Tumetoka mtaa wa Malindi, Unguja, baada ya Mapinduzi, taarabu umeiacha huko, unapakia mizigo uwanja wa ndege. Siku moja ukasikia fidla ya Waayalandi, ukasimama mlangoni mwa baa, ukagoma kuingia kwa sababu ya pombe. Wakakutolea kiti nje, ukapiga nao. Mwisho harusi zao na maziko yao hayakukamilika bila wewe. Mama alikuwa akikucheka: "Mume wangu, Mwayalandi wa Malindi."

Sasa wanataka Jumapili nipige wimbo wako, kwa arobaini yako. Kisomo tutakisoma nyumbani. Wao wanataka la kwao. Ni ule usio na jina, uliowaambia umefundishwa na jini, nao wakakuamini bila kucheka, maana kwao pia wapo. Hukutaka urekodiwe. Hukumfundisha mtu wimbo huo. Mimi uliniambia tu, "Wakati ukifika utaujua." Nisipoupata, umekwenda nao kaburini. Hilo linaniuma, Baba, vibaya sana.

Wiki nzima nimejaribu. Naukaza uzi, nalinganisha sauti ulivyonifundisha, naanza, vidole vinapotea. Jana nikalia. Leo asubuhi sikuukaza. Nikapiga hivyo hivyo, kwa hasira.

Wimbo ukatoka. Wote, mpaka mwisho. Uzi ule uliolegea ukawa unavuma chini ya wimbo kama mtu anayeguna chumba cha pili. Kumbe! Kila ulipotugeuzia mgongo kabla ya kuupiga, sisi tukidhani unakaza nyuzi, wewe ulikuwa unalegeza.

Nilipomaliza, kisigino cha kiatu kikagonga sakafu, pa, vile ulivyozoea kuufunga wimbo. Baba, mimi nilikuwa peku, juu ya zulia.

Sikukimbia.

Jumapili nitakaa kwenye kiti chako. Uzi sitaukaza tena, naapa, na wimbo nitamfundisha mtu kabla sijakufuata. Mungu akulaze pema. Pumzika sasa, Baba. Na kama huwezi, basi wahi, unywe chai yako kabla haijapoa.

Mwanao,
Salma