Pengo la Yohana Kwenye Ukuta wa Mkondoa

Mtani wangu Yohana,

Mwenzio nimeula! Tangu tukuzike, hapa Kilosa hakuna mwenye bahati kama mimi. Jioni nikishuka kule mtoni kwetu, watu wanagombania kukaa na mimi. Nimefika Dar, nimefika Mombasa, nimelala hadi Lubumbashi, sijawahi kupendwa hivi.

Usingepatambua. Ule ukingo wa Mkondoa tulioukuta jalala la mji, leo mabibi harusi wanakuja kupiga picha. Mabenchi uliyojenga kwa matofali ya lile ghala la mkonge lililobomoka Kimamba yanatazama maji, kama ulivyotaka, na paa uliloliweka juu yake halivuji. Mama wa mihogo kahamia pale na karai lake. Ukuta wa nyuma ya mabenchi nimeuchora mimi: treni, wakata mkonge, tembo wa Mikumi. Wanafunzi wanasema tembo wangu ni nguruwe. Shule niliishia la tano, sawa, lakini nguruwe namjua. Yule ni tembo.

Ulivyokuwa unanisema! "Mnyamwezi wewe, babu yako alikuja kubeba mizigo, wewe umebaki kubeba maneno." Nami nakujibu, Msagara mwashi gani, nyumba yako mwenyewe imeinama. Sasa hakuna wa kunitukana. Wananipa shikamoo, wanapita.

Siku ya kukuzika nilifanya kazi yangu ya utani. Nilichukua pima maji yako nikaiweka juu ya jeneza, nikatangaza: "Limeinama hili, lirudisheni nyumbani!" Makaburini kote wakaangua kicheko. Mkeo naye akacheka, huku analia. Yohana, mimi sikuwa natania. Nilitaka kweli wakurudishe.

Katikati ya ukuta kuna pengo. Kamati ya mtaa wanataka nikuchore hapo, ndani ya suti, kwa heshima. Nimechora, nimefuta kwa chokaa, nimechora tena. Nikifika mdomoni mkono unagoma. Maana nikikuchora umefumba mdomo... basi, ndiyo umekufa kweli.

Haya, lala mtani. Kabla masika haijaanza nitakuchora, naahidi, bila suti, mdomo wazi, unanitukana mbele ya mji mzima. Kamati wakinuna, wanune.

Na ile ya watu kunigombania, nimekudanganya. Nakaa peke yangu.