Bibi Tusekile Hakulia

Mama yangu mpendwa,

Kitabu kimetoka. Ni visa vya kweli vya wanawake wa Rungwe walionyang'anywa mashamba, na cha kwanza ni cha Bibi Tusekile wa Kisondela.

Unakumbuka tulivyokwenda kwake? Mimi nilikuwa mwandishi mgeni kazini, Kinyakyusa changu cha kuokoteza. Ukaacha cherehani yako pale Makandana, tukapanda bodaboda mpaka tope likatushinda, tukamalizia kwa miguu. Mumewe alikuwa amefariki, na shemeji zake walikuwa wakikata ndizi shambani mwake kana kwamba na yeye amekufa. Nilipotoa daftari, akarudi kumenya ndizi zake. Ukaninong'oneza, "Weka hilo, shika kisu." Tukamenya naye ndizi, na kabla sufuria haijachemka akawa ameanza kusimulia, wewe ukinitafsiria.

Nyumbani nikakusomea nilichoandika.

"Machozi haya umeyatoa wapi?" ukauliza.

"Ya kunogesha tu, Mama."

"Hakulia, mwanangu. Alikasirika. Wakikuta uongo mmoja, watasema na shamba ni uongo."

Nilinuna. Asubuhi nikaandika upya, nikaiacha hasira yake jinsi ilivyokuwa. Habari ilipotoka gazetini, shemeji zake walikwenda na gazeti hilo mbele ya baraza la ardhi wakitafuta pa kukanusha. Hawakupata hata mstari mmoja. Shamba likarudi kwake.

Tangu hapo nimeandika habari za wachuma chai, za wajane, za watoto waliokosa shule. Nimetishwa, na mara moja nimefukuzwa kazi. Lakini sijawahi kuomba radhi kwa neno nililobuni, na kwa hilo ninalala vizuri.

Jumapili baada ya ibada nilimpelekea Bibi kitabu. Nikamsomea sura yake kwa Kinyakyusa. Ungecheka lafudhi yangu. Akashukuru, "Ndaga. Nisomee na wengine." Nikasoma mpaka nikafika kwa mjane wa Bulyaga, ambaye kesi yake bado inasikilizwa. Bibi akanikatiza.

"Huyu anakwenda barazani na nani?"

"Peke yake."

"Lini?"

"Kesho."

Akainuka kutafuta viatu vyake vya kanisani.

Jana waliketi benchi moja, Mama, Bibi Tusekile na mwanamke ambaye hakuwa amemjua kabla. Jina la yule mjane lilipoitwa, walisimama wote wawili.

Pumzika kwa amani. Huku tunaendelea vizuri.

Binti yako,
mwandishi wako