Carine Alirudi na Kikapo Bila Paka

Bukavu, Muhungu, siku ya tatu, kiisha misa ya asubuhi

Kwako Aurore, mujukuu wangu, muke mwenzangu kwa babu yako,

Salamu nyingi zikufikie huko Kinshasa kwenye joto. Uko muzima? Unakula? Usinijibu kama unakula, kwa sababu ile foto uliyotuma, shingo ilikuwa imebakia mufupa tu. Sisi huku tuko salama. Magoti yananisumbua mvua ikikaribia, lakini bado yananifikisha kanisani. Kaka yako Chrispin anasoma, ao anasema anasoma. Mungu anatulinda.

Barua hii anakuletea tante yako Constance, anayepanda ndege kesho Kavumu. Nimeifunga na bugali. Ukiona bugali imepasuka, ujue amesoma, na uniambie. Chrispin alitaka nikutumie odio, nikakataa. Odio inasikilizwa na kila mutu mwenye kukaa karibu yako, na ku telefone wewe unanikata maneno kabla sijafika mbali. Barua haikatwe. Nilisoma miaka tatu tu kwa masista; makosa utayaona, uyaruke kama mutu anayeruka matope.

Najua Carine rafiki yako alikupigia. Alikuambia kama alikuja siku ya posho, ile ya sita, na kikapo chenye kifuniko, vile mulipatana, achukue paka yako aipeleke kwake Nguba, na kama mimi nilisimama ku mulango nikamurudisha bila kitu. Ni kweli. Tangu siku ile umepiga mara sita, na mara sita Chrispin alikuambia niko kanisani. Sikukuwa kanisani. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, namufinya asiseme. Nilikuwa nangojea nipate hakika kwanza. Sasa niko nayo, na nakuandikia yote, kiisha ukate neno wewe mwenyewe kama paka ibaki ao iende.

Ulipopata kazi, uliniachia paka, sashe moja ya kroketi, na karatasi ya maagizo ndefu kuliko ya ndoa. Paka yenyewe umeiita Limonade. Mimi nilizaa watoto saba, hakuna hata moja niliita kinywaji! Niliambia Muhungu nzima kama nyama ya nyumbani inakula kinachobakia mu sahani, na kama mimi, Cibalonza, siwezi kupikia kitu chenye mukia. Watu walinisikia. Shika neno hilo, nitalirudilia.

Mwezi haukuisha, paka ikaanza kuhara. Sikufichi: ilihara mu viatu vya Chrispin, ilihara kwenye mulango wa jikoni, na siku moja ilihara ku foteyi ya babu yako, ile ambayo tangu tumuzike muzee Télesphore hakuna mutu anayeikalia. Na kutapika juu yake. Manyoya yake, yaliyokuwa na rangi ya mukate ya kuiva, yakawa kama kamba ya kufungia mbuzi. Ukiniuliza inakula nini, najibu kroketi tu. Ukasema basi kroketi ni mbaya, ukatuma za sashe ingine. Ikahara. Ukatuma za tatu. Ikahara kuliko.

Nikatafuta mwenye kosa, na mwenye kosa hakukuwa mbali: Mama Bintu jirani, ule wa Uvira anayeuza vitenge, ambaye kila akitengeneza sambaza anarushia paka vichwa juu ya senyenge. Nilisimama pale nikamuambia, na sauti ambayo hata wa barabarani waliisikia, kama anaua paka ya mujukuu wangu na matumbo ya samaki. Akanijibu na ile Swahili yake ya kunyoosha, kwamba nyanya yake alikuja toka pwani na samaki na paka, na wote walifika wazima. Kwamba paka yetu ina adabu kunishinda, kwa sababu yenyewe ikifika kwake inapiga salamu kwanza kabla ya kufungua kinywa. Nikamuambia anunue mulango wa kuweka ku kinywa chake. Tangu pale hatukusalimiana tena. Kila asubuhi alikuwa anafagia upande wake, na mimi upande wangu, na vumbi kila mutu anasukumia mwenzake.

Samaki za Bintu zilikatika, na paka ikaendelea kuhara. Ndipo Chrispin akamuita Papa Marcellin, dokta wa nyama, ule mwenye kwao ni upande wa Lwiro. Amezoea ng'ombe na nguruwe, lakini alikuja. Aliminya tumbo la paka kama mwanamuke anayeminya avoka sokoni, akaipa dawa ya minyoo, akaniuliza inakula nini. Nikasema kroketi tu. Akasema tuache kroketi kwanza. Ipewe kuku ya kuchemsha, bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu, ngozi na mifupa vyote vitoke, kidogo kidogo mara ine kwa siku, na maji safi karibu. Isifunge siku nzima, kwa sababu paka ikikaa na njaa muda murefu inashikwa na ugonjwa mwingine. Mavi yakikuwa magumu, turudishe kroketi polepole, kila siku punje zinapanda na kuku inashuka, na tusigeuze sashe kila juma, maana tumbo la paka halipendi haraka. Umesikia? Sashe zako tatu kwa mwezi moja nazo zilikuwa mbaya. Na akaniachia kaye, niandike kila siku imekula nini na imetoa nini. Mimi, ambaye tangu masista sikushika kaye, nimeanza kuandika mavi ya paka! Babu yako angecheka mpaka meno itoke.

Basi nikapika kuku. Siku ya pili tu, Mama Valérie wa kikundi cha wamama wa kanisa akaja kunitembelea. Nilikuwa nimemuambia mbele kama nyumbani kuko majani ya lengalenga tu. Akasikia harufu ya kuku, akakaa. Alikaa mpaka saa sita, anasimulia habari zisizo na mukia wala kichwa, macho ku jikoni. Nikashindwa, nikasema ile kuku ni ya mugonjwa. Akauliza mugonjwa ni nani, tumuombee. Nikasema Limonade. Ningesema nini? Alipiga magoti palepale mu salo, akaombea ndugu yetu Limonade, Bwana amuponyeshe tumbo na amurudishie nguvu za kutumika. Chrispin alitoka mbio, akasema anakohoa. Mimi nilisema amina, na nilisema kwa moyo.

Na ilipona! Siku nane mu kaye niliandika "magumu, muzuri". Siku ya kenda ikahara tena, ikabakia ngozi na macho. Papa Marcellin alirudi, akashangaa. Aliniuliza polepole, kama mutu anayeogopa kuvunja yai, kama hakuna mutu anayeipa maziwa, kwa sababu paka ikishakomaa, zingine nyingi tumbo lao linashindwa maziwa ya ng'ombe. Nikasema hapana. Akasema basi ataipeleka kwake siku ine. Kwake ilikula ileile kuku na zilezile kroketi, ikatoa magumu siku zote ine. Alipoirudisha, haikumaliza siku mbili hapa ikahara. Uliposikia hivyo ukasema imetosha, nyumba yangu mimi Koko yako ndiyo inaiua, Carine aje kuichukua.

Sasa, Aurore, kaa chini.

Unajua kwa baba yangu, kule Mudaka, maziwa haikukuwa kinywaji. Mugeni alipewa maziwa ndipo anaulizwa habari. Mugonjwa alipewa ya kwanza. Kumunyima mutu maziwa ni kumuambia hauko wetu. Babu yako alipofika mwisho, alikataa sombe, alikataa uji, alikataa hata dawa. Maziwa nilimupa na kijiko, akaimaliza, akafuta kinywa yeye mwenyewe. Kiisha mazishi, mama wa maziwa aliendelea kupita kila asubuhi, na mimi nikaendelea kupokea nusu lita. Kwa nani? Sijui. Mukono ulikuwa umezoea. Nilikuwa naichemsha, naiangalia, namwaga.

Kiisha paka yako ikaja, ikapanda ku ile foteyi ambayo hakuna mutu anayeikalia, ikaniangalia. Nilichukua kikombe cha babu yako, kile cha maua, nikaipa. Ilikunywa yote, ikafuta kinywa na mukono. Tangu siku ile ni kila asubuhi, Chrispin akishatoka. Ilipoanza kuhara nikaongeza, kwa sababu kwetu mutu akikonda anaongezewa maziwa. Ilipokonda zaidi nikaongeza zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa naiharisha na mukono wangu mwenyewe, huku natukana Bintu na wewe unatupa sashe. Na dokta aliponiuliza, nilisema uongo mbele ya uso wake, kwa sababu Cibalonza aliyeambia Muhungu nzima kama hapikii kitu chenye mukia, atasema nini kama anainywesha mu kikombe cha bwana yake?

Kaye ndiyo ilinishitaki. Siku ya tano mangaribi, Carine anakuja kesho yake, niliifungua nisome namna paka yako ilivyoishi hapa. Nikaona zile siku nane za muzuri. Ni zile siku nane mama wa maziwa alikuwa amebakia Mudaka kwenye matanga ya shemeji yake. Niliandika mwenyewe, na mukono wangu. Nilikaa pale na ile kaye, sikuzuia machozi, na paka yako ikaja ikalala juu ya kurasa.

Kesho yake sikuipa maziwa. Ililia, ikazunguka kikombe, ikanitukana. Nikaweka maji ndani yake. Carine alipogonga, ningemupa aende nayo na kosa langu lingeenda mu kikapo, hakuna mutu angejua. Ndiyo sababu nilimurudisha. Mukono ulioiharibu ndio utaitengeneza. Sasa ni siku kumi na nane. Mavi ni magumu, manyoya yanarudi, jana ilishika panya ya ukubwa wa sandali. Papa Marcellin nilimuambia ukweli. Alisema alijua tangu siku aliyorudi mara ya pili, kwa sababu paka yenye kukula kroketi tu haina maziwa kavu ku ndevu.

Kwa Mama Bintu nilienda pia. Nilibeba nusu lita ya siku ile, nikasema hii ndiyo iliyokuwa mwenye kosa, haikukuwa samaki yako. Alicheka mpaka kilemba kikaanguka, akasema wallahi aliona tangu zamani ile paka inatoka kwangu na kinywa cheupe, lakini mutu anayekuambia ununue mulango, unafunga mulango. Siku hizi maziwa inaingia mu chai yake, na tunakunywa wawili. Vumbi kila mutu anaokota yake.

Kata neno, muke mwenzangu, lakini ukate muzuri. Na utume kroketi za sashe ya kwanza, zile za picha ya paka ya majivu. Usigeuze.

Chrispin anakusalimia, viatu vyake vimekauka. Mama Bintu anakusalimia na anasema unenepe. Mama Valérie anauliza kila siku ya Mungu kanisani ndugu Limonade anaendelea namna gani. Nimesema amepona, na alishukuru Mungu mbele ya wote. Ukikuja mwezi wa saba, foteyi ya babu yako haitakuwa bule. Limonade analala pale. Utakaa ku kiti cha mbao, kama mugeni, na nitakuletea maziwa.

Ni mimi Koko yako,
Cibalonza