Nyumba ya Malkia Niliyoiacha

Jumatatu, 14 Oktoba

Nyuki wamejaa mzinga mpaka mlangoni, wananing'inia nje kama ndevu. Jioni nilifungua. Moshi mwingi. Kwenye kingo za masega kuna vitu sijawahi kuviona: virefu, vimelekea chini kama karanga na maganda yake. Nikafunga upesi.

Nikampigia Umba, yule wa Kabondo-Dianda aliyetufundisha kufuga. Alicheka kwanza. Kumbe ni nyumba za malkia. Wakilea malkia mpya, wa zamani anahama na nusu ya kundi.

— Kata zote, Mama Mbelu. Usiache ata moya. Ukiacha moya, zitatoka tu.

Nyuki watoke waende wapi? Popote, anasema. Mti, dari, jiko la mtu.

Ng'ambo ya ukuta wangu ni kwa Papa Kapenda. Mama yake mzazi, Mama Talitha, anaumwa kifua, analala barazani apate hewa. Wakimwangukia yule mama, nani atakubali kwamba ni nyuki tu? Mimi ni mtu wa Kasai. Nimezaliwa hapa hapa Kamina, lakini mambo yakiharibika ninakumbushwa nilikotoka. Watasema nimewatuma kwa uchawi.

Jumatano, 16 Oktoba

Jana sikuthubutu. Leo jioni nikavaa kofia niliyoshonea chandarua, nikaanza kukata. Masengo, mke wa Kapenda, ndiye aliyenipa makaa ya moto kwa ajili ya moshi. Mtaa mzima ni yeye peke yake asiyeogopa nyuki wangu.

Nilikata za mbele, moja moja. Ndani yake kuna kitu cheupe kama maziwa — nilijisikia vibaya, kama naua. Nikiwa nimefika katikati, kilio ng'ambo ya ukuta. Mama Talitha amefariki.

Kwetu hapa jirani haulizwi alikuwa anafanya nini. Siku ya kwanza ya kilio wanaangalia nani hayupo, na hawasahau. Nikafunga mzinga, nikavua kila kitu, nikajifunga kitenge, nikakimbia kulia na wenzangu. Masega ya nyuma sijayagusa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Wamefunga turubai karibu kabisa na ukuta wangu. Viti, mikeka, masufuria, watoto wanazunguka. Kufungua mzinga sasa ni kuwatia nyuki kwenye matanga. Haiwezekani mchana, haiwezekani jioni.

Umba kwenye simu hakucheka tena. Akaniuliza kama nyumba za nyuma zilikuwa zimezibwa kwa nta. Sijui! Kama zimezibwa, anasema, wako njiani. Niombe mvua, mvua ikinyesha hawatoki.

Niliketi mkekani siku nzima. Ève, dada yake Kapenda aliyefika kutoka Kabongo, anazungumza polepole, lakini anataka asikike. 

— Bukari ya mwisho mama alikula, nani njo alipika? Miye sisemi kitu. Ninauliza tu.

Aliyepika ule ugali ni Masengo, kila mtu anajua. Masengo mwenyewe alikuwa anaosha sahani hatua chache kutoka hapo. Nadhani alisikia, maana mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Mimi je? Niliinama. Nikawaza: wakimwangalia yeye, hawaniangalii mimi. Nimejichukia hata sasa ninapoandika.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Nyuki kimya. Maziko ni kesho. Mungu wangu, endelea kutunyeshea.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimeamka, jua.

Nilikaa nyuma ya wanawake wote, sikio langu likiwa ukutani. Jeneza likaletwa, likawekwa chini ya turubai, mchungaji akaanza kusali. Hapo sauti ya mzinga ikabadilika. Kisha wakatoka, wengi, wengi, juu yetu kote. Watu wakalala chini, wengine wakafunika watoto kwa vitenge. Hawakumuuma mtu. Wakazunguka, wakatua kwenye nguzo ya turubai, juu ya jeneza, donge moja linalopumua.

Nikangoja jina langu. Hakuna aliyelitaja. Ève akapiga magoti.

— Hii njo mama mwenyewe. Iko na neno ya kutuambia.

Wote wakapiga magoti. Nami pia. Na nilifurahi! Nyuki si wangu tena, ni wa marehemu, nimepona.

Kisha nikaona wachache wanaondoka kwenye donge, wanaenda, wanarudi, wanaenda tena. Mafunzoni Umba alituonyesha hao: wanatafuta nyumba, na wakishaipata kundi zima linawafuata. Nikawafuata kwa macho. Wanaingia kwenye tundu juu ya mlango wa jiko la Masengo.

Nimewaambia wenzangu naenda nyumbani kuchukua kofia yangu ya nyuki. Naandika nimesimama. Simu ya Umba haipatikani, nimejaribu na kujaribu. Nikisema ni nyuki wangu na niliacha nyumba ya malkia bila kukata, basi ni mimi niliyewaleta kwenye maiti. Nikinyamaza, nyuki watahamia kwa Masengo mbele ya ukoo mzima.

Labda niwachukue sasa hivi, niwakung'utie kwenye kapu kabla hawajaruka. Lakini nani ataniruhusu nimguse mama yao?

Kapenda yuko mlangoni kwangu. Macho mekundu, sauti ya upole kabisa.

— Mama Mbelu, kuya. Weye njo unazijua. Bantu banataka tuzifuate. Fasi zitaingia, njo kule iko mwenye aliua mama. Utatuonyesha.

Yaani mahali watakapoingia nyuki, hapo ndipo kwa muuaji. Nimemjibu naja. Nje wameanza kuimba. Juu ya ukuta namwona Masengo katikati yao, anaimba kwa nguvu kuliko wote, na hajageuka kuangalia jiko lake.